Steshenari ya Mwenge: nyota nne, ya tano bado ipo kwenye foleni

Nianze na bei, maana wengine mtasoma mpaka hapo tu. Kuchapa kutoka kwenye mwandiko wa mkono ni shilingi 1,000 kwa ukurasa. Kuprinti nyeusi 200, rangi 500, kutoa kopi 100, kuskani 500, kubaindi kwa springi 2,500. Kutumiwa imeili ni 1,000, na hiyo ndiyo niliyoibishia siku ya kwanza, kwa sababu imeili ni bure. Mama mwenye duka alinitazama juu ya miwani akasema, "Imeili ni bure, mwanangu. Elfu moja ni ya kukaa na wewe mpaka iende."

Nikaona ni maneno ya biashara tu. Nikalipa huku nimenuna.

Duka lipo Mwenge, upande wa soko la vinyago, chumba kimoja chembamba ambacho ukikutana na mtu anayetoka lazima mmoja arudi nyuma. Kibao chake kimeandikwa STESHENARI na basi. Kuna kompyuta tatu, moja haiwaki na juu yake wameweka kopo la kalamu. Kuna mashine ya kopi kubwa kama jokofu, na nje kuna benchi la mbao chini ya mwavuli uliopauka. Wateja wengi ni wanafunzi wa Mlimani na ripoti zao za fildi, watu wa kuomba kazi wenye bahasha za kaki, na wapangaji wenye mikataba. Halafu tupo sisi wa mashindano ya uandishi. Hatuzidi sita, ila kwa namna tunavyolikalia lile benchi ungedhani tumelipia kodi.

Mimi nauza duka la dawa Sinza, zamu ya jioni. Wateja wakipungua naandika kwenye kaunta buku ya kwaya tatu niliyoificha chini ya droo ya panadoli. Mwandiko wangu ulishaharibika kwa kusoma vyeti vya madaktari miaka tisa, kwa hiyo kijana anayechapa pale dukani anastahili sifa zake hapa hapa kabla sijasahau. Alichapa hadithi yangu, kurasa 17, akiniita mara mbili tu kuuliza. Mara ya kwanza: "Dada, hapa ni 'cherehani' au 'chenji ndani'?" Mara ya pili aliuliza kama yule tapeli kweli anauza kiwanja kimoja kwa watu saba, au nilikosea namba. Nikamwambia ni saba. Akacheka, akaendelea kuchapa. Huyo ndiye msomaji wangu wa kwanza, na sitamsahau.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana ndiyo inayoeleza nyota zangu.

Shindano nililoingia ni la hadithi fupi, maneno yasizidi 5,000, jina la mwandishi lisionekane popote kwenye kazi, mwisho wa kupokea ni saa sita usiku. Nilifika dukani saa kumi na moja jioni na flashi yangu mkononi, nikiwa nimeshairekebisha kazi wiki nzima. Jambo moja tu lilikuwa limebaki. Tapeli wangu wa viwanja nilimwita Ali. Shemeji yangu naye ni dalali wa viwanja, na jina lake ndilo hilo hilo. Sikulifanya kwa makusudi, lakini nani ataniamini kwenye kikao cha ukoo? Nikaamua tapeli aitwe Juma.

Kijana alikuwa anahangaika na laminesheni ya vyeti vya mtu. Nikakaa mwenyewe kwenye kompyuta ya pili, nikafungua ile sehemu ya kutafuta na kubadilisha, nikaandika tafuta "ali", weka "juma", badilisha zote. Mashine ikajibu kwamba imebadilisha mara 386. Hapo moyo ulipiga, kwa sababu jina la yule bwana nilikuwa nimelitaja kama mara thelathini. Lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza kuhifadhi. Nikapanda juu kwenye sentensi ya kwanza. Ilikuwa inasema, "Jumaamka kabla ya adhana."

Nikasoma chini yake. Jumakuwa, jumakwenda, jumaporudi. Mwjumamu. Hospitjuma. Serikjuma. Mjane mmoja anamwomba tapeli amrudishie pesa zake na anasema, "Tafadhjuma, baba." Mtu anayeandika Kiswahili hadithi ya mtu mmoja, wakati uliopita, ajue kwamba hiyo "ali" imo katika kila kitenzi, na ikikosekana kwenye kitenzi utaikuta kwenye asali.

Nikiwa bado nimefungua mdomo, umeme ukakatika.

Ulirudi saa mbili na nusu usiku, saa ambayo duka huwa limeshafungwa. Mama hakufunga. Alikuwa amekaa nje kwenye benchi akipepea mbu kwa bahasha ya kaki, akaniambia tu, "Kaa, mwanangu, utarudi." Umeme, nadhani alimaanisha. Kazi ilikuwa imehifadhiwa na mashine ilizimika, kwa hiyo hapakuwa na cha kutengua. Nakala ya zamani ilikuwepo kwenye kompyuta, lakini haikuwa na masahihisho yangu ya wiki nzima. Kijana akanisogeza pembeni akafanya kinyumenyume: tafuta "juma", weka "ali". Vitenzi vyote vikarudi kama watoto waliosikia kengele ya chakula. Nikataka kumkumbatia. Yeye akanyoosha kidole kwenye kioo na kusema, "Dada, hapa umeandika nini? Alipili?"

Siku za wiki. Jumapili imekuwa Alipili, Jumamosi imekuwa Alimosi, na Ijumaa, Mungu anisamehe, imekuwa Ialia. Hadithi yangu ina siku nyingi kwa sababu tapeli anapanga wateja wake kwa ratiba. Ikabidi tuzitafute kwa macho, maana mashine yao imewekewa Kiingereza na inapigia mstari mwekundu kila neno la Kiswahili, zima na bovu. Ukurasa mzima umevuja damu, utajuaje kidonda kipo wapi? Tulipomaliza, akabadilisha jina la tapeli kwa kuchagua neno zima peke yake, herufi kubwa kwa herufi kubwa. Kumbe kuna sehemu ya kuwekea tiki. Ipo siku zote.

Imeili iliondoka saa tano na dakika hamsini na moja. Mama alitoza elfu moja ile ile, akanitafutia bodaboda anayemfahamu, ndipo akashusha shata.

Nyumbani, kitandani, nikafungua ile kazi kwenye simu ili niifurahie. Ukurasa wa 11: "Alitano asubuhi mjumbe wa nyumba kumi alibisha hodi."

Sasa ni mwezi wa nne tangu usiku ule. Kutoka kwa waandaaji nimepata barua mbili. Ya kwanza ilikuja dakika ile ile, ya mashine, ikishukuru na kuomba tusiandike kuulizia. Ya pili ilisema matokeo yamesogezwa mbele kutokana na wingi wa kazi. Nimeisoma hiyo ya pili mara nyingi kuliko nilivyosoma hadithi yangu. "Wingi wa kazi" ni habari njema au mbaya? Kama wameona Alitano wakaitupa, wangesema wingi? Nafungua kikasha cha taka cha imeili kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Humo nimeshashinda bahati nasibu mbili za nchi nisizozijua, lakini kuhusu hadithi hakuna neno.

Kwa hiyo siku ambazo sina zamu mchana huwa napita pale benchini, na hapo ndipo hili duka linapozidi maduka mengine ya aina yake. Hakuna anayekufukuza. Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyeprinti riwaya ya kurasa 312. Kwa bei ya ukutani ingekuwa 62,400. Mama alimpunguzia mpaka 150 kwa ukurasa, akalipa 46,800 kwa awamu mbili. Anaitengeneza kwa ajili ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile iliyoanza kutolewa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza hupewa milioni 10, lakini mzee akizungumza hazitaji hizo. Anachotaja ni kwamba kitabu kinachapishwa. Ana miswada mitatu kwenye sanduku la chuma, anasema panya wameshaisoma yote.

Kuna pia bodaboda, mshairi, kichwani ana tenzi nzima na hataki kuandika mpaka ashuke abiria. Yeye macho yake yapo kwenye ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi Safal-Cornell. Alipojua kwamba nyuma yake kuna kiwanda cha mabati alisema akishinda atarudi kununua mabati kwao, aezeke kwa mama yake, hela irudi ilikotoka. Na kuna binti wa chuo mwenye tamthilia, huyu haongei, anakula ubuyu na kuangalia simu. Simu ikilia sote tunageuka.

Niliwasimulia Alitano. Bodaboda alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee hakucheka. Alifikiri kwanza, kisha akasema, "Usiogope, binti. Waamuzi watadhani ni mhusika. Mwitaliano, amekuja kununua kiwanja."

Mzee huyo huyo ndiye aliyetuwekea sheria ya chai. Anasema Abdulrazak Gurnah, mwana wa Zanzibar, siku ya tarehe 7 Oktoba 2021 alipopigiwa simu kuambiwa ameshinda Nobeli alikuwa jikoni kwake Uingereza anatengeneza chai, na alidhani ni wale wapiga simu wasumbufu. Kwa hiyo ikifika saa nane mchana, ambayo kwa saa zetu ndiyo saa ya tangazo lile, mmoja wetu anavuka barabara kuleta chai ya tangawizi. Tumeshakunywa nyingi. Hakuna aliyepigiwa simu bado, isipokuwa binti wa ubuyu, na alikuwa mama yake anauliza kama amekula.

Mabaya ya duka nayo niyaseme, hii si barua ya mapenzi. Katriji ikikaribia kuisha wanaitikisa na kuirudisha, na ukurasa wako unatoka na michirizi kama shati la askari magereza. Ukilalamika wanarudia bure, lakini ni lazima ulalamike. Baindi ya springi inatoboa karibu mno na maandishi; riwaya ya mzee ina kurasa ambazo herufi za kwanza zimeingia kwenye matundu. Risiti huoni mpaka uombe mara mbili. Choo hakuna, utakwenda kwa jirani na 300 yako. Flashi yangu ilirudi siku moja na mafaili yote yamegeuka vijialama visivyofunguka, tangu hapo natuma kwa imeili hata nikiwa nimesimama mbele yao.

Kubwa kuliko yote, wanaacha kazi za watu kwenye kioo cha kompyuta. Siku moja nimekaa kusubiri zamu yangu nikaona pale mbele barua za kuomba kazi za watu kumi na kitu, talaka ya mtu, na hadithi yangu, kila kitu na jina lake. Nilimwambia mama. Akasema lakini siku ile ya umeme si ulishukuru nakala kuwepo? Kweli nilishukuru. Bado si sawa, na nilisubiri pale pale mpaka kijana akafuta ya kwangu na kumwaga taka. Nyota moja nimeikata hapo, na nawashauri msimame nyuma yake mpaka afute. Kwa kazi inayokwenda kwenye shindano la siri, ambako jina lako halitakiwi kujulikana, hilo si jambo dogo.

Kitu kingine kwa mtakaokwenda na kazi za Kiswahili: mwombeni kijana azime ile mistari myekundu kabla ya kuanza kusoma. Anajua kuizima. Nimemuuliza kwa nini hakuizima usiku ule, akasema sikumwambia.

Wanafungua saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Siku za mwisho za mashindano mama hukaa zaidi ukimwambia mapema, na hatozi ziada, ila mletee maandazi. Nikipita katikati ya wiki kijana ananiamkia kwa sauti watu wote wasikie, "Shikamoo dada, za Alitano?" na wateja wapya wanadhani ni jina la mume wangu. Alipili hawafungui.