Meko ya kuotea moto sebuleni: kuni au gesi?

Juni ikiingia, Njombe hainaga mzaha. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jioni ukungu umeshafika dirishani, na mgeni akishaitikiwa "Kamwene" yake, salamu ya huku, huangaza macho kutafuta moto uko wapi. Wa Makete, Mafinga na Lushoto wanalijua hilo, na wenzetu wa Limuru na Nyahururu kule Kenya vilevile. Wanaojenga sasa wananiuliza sana: sebuleni niweke meko ya kuni au ya gesi? Mimi huwauliza kwanza: hilo joto utakalolilipia, litabaki ndani au litatoka na moshi? Kwa kipimo hicho nimepanga machaguo manne, la kwanza likiwa ndilo ningelinunua tena kesho.

La kwanza: jiko la chuma la kuni, lenye mlango wa kioo

Hili ni sanduku la chuma kizito, mlango una kioo kinachostahimili moto, juu limeungwa bomba la moshi. Hewa inaingia kwa kitundu unachokifungua na kukifunga mwenyewe, kwa hiyo kuni haziungui ovyo. Kati ya kuni 10 utakazochoma, joto la kuni 6 hadi 8 linabaki chumbani. Na ndimi za moto unaziona. Ukipunguza hewa baada ya chakula cha usiku, magogo mawili yatakaa na makaa hadi usiku wa manane, chuma kikiendelea kutoa joto taratibu.

Ukienda kununua, fungua mlango, bana karatasi kwenye ukingo wake, funga, kisha ivute. Ikichomoka kirahisi, mlango hauzibi, na utakuwa umenunua sanduku linalokula kuni. Pima unene wa chuma pia. Bati jembamba hupinda msimu wa kwanza tu. Ndani kuwe na matofali ya moto, yaani yanayostahimili joto kali, na kamba ya kuzibia mlango iwe ya kubadilishika ikichakaa.

Pesa usiyotakiwa kuibania ni ya bomba. Bomba la ukuta mmoja likae angalau sentimita 45 kutoka kwenye mbao yoyote, na linapopita kwenye dari na kenchi liwe la kuta mbili zenye kizuia joto katikati. Juu ya paa lipande angalau sentimita 90, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Mimi nililijua hili kwa machozi. Fundi wa kwanza alikatia bomba langu chini ya kilele cha paa akasema, "Mzee, moshi unajua njia." Upepo wa Julai ulipovuma, moshi wote ulirudi sebuleni, na pazia jeupe la mke wangu halikuwahi kurudia rangi yake. Tuliongeza bomba karibu mita moja, shida ikaisha siku hiyohiyo.

La pili: meko ya gesi yenye bomba la kutolea hewa

Hii hujengewa ukutani, ina magogo ya udongo wa kuchoma yanayofanana na kuni, na moshi wake hutoka nje kwa bomba. Unabonyeza, unawaka. Kwa mzee asiyeweza kubeba magogo, au nyumba yenye mtu wa pumu, hii ningeiweka ya kwanza bila kusita. Nzuri zaidi ni zile zilizofungwa kioo mbele, zinazovuta hewa kutoka nje kwa bombalo hilohilo la kutolea, kwa sababu hazigusi hewa mnayovuta.

Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa na nguvu ya kilowati 4, inakula kama gramu 300 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 15 utakupa saa 50 hivi, yaani kama usiku 12 kwa saa nne kila usiku. Chukua bei ya kujaza mtungi mtaani kwako, gawanya kwa 12, kisha linganisha na kuni unazochoma usiku mmoja. Kwetu, ambako mabanzi ya misumeno yapo kila kona, kuni hushinda. Nairobi huenda ikawa kinyume.

Mtungi ukae nje, umesimama wima, kwenye kibanda chenye matundu chini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni. Paka maji ya sabuni kwenye maungio na uangalie mapovu, na mpira ukionyesha nyufa ubadilishe siku hiyo.

La tatu: meko ya wazi ya matofali

Najua ndiyo inayopendwa, na ndiyo inayopendeza kwenye picha. Lakini kati ya kuni 10, joto la kuni moja au moja na nusu tu ndilo linalokupata. Lililobaki linapanda dohani, tena linavuta hewa ya chumbani kwenda nayo, na baridi ya nje inaingia chini ya mlango kujaza nafasi. Ndiyo maana ukiketi mbele yake uso unawaka na mgongo unaganda.

Ukiipenda hata hivyo, ijenge yenye kina kifupi, kuta za pembeni zikikunjuka kuelekea chumbani ili zirudishe joto. Mwanasayansi Benjamin Thompson, anayejulikana kama Count Rumford, alilieleza hili miaka ya 1790, na bado ndiyo njia bora. Tumia matofali ya moto, weka kifuniko cha chuma cha kuifunga dohani, moto ukishazima kabisa, na usinakshi ndani kwa mawe ya mtoni: maji yaliyojificha ndani yake yakichemka, jiwe hupasuka.

La nne: hita ya gesi ya kusukuma, yenye magurudumu

Kwa mpangaji, sawa. Ila haina bomba, kwa hiyo inavuta hewa yenu na kuwarudishia mvuke: kila kilo ya gesi inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, ndiyo yale yanayotiririka dirishani. Nunua yenye kinga ya kujizima hewa ikipungua, acha dirisha wazi kidogo, na usilale ikiwaka.

Jiko la mkaa la kubeba silihesabu hapa. Kila msimu wa baridi watu huliingiza chumbani, wakafunga milango, na hawaamki. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Tafadhali, usiku wa leo kama lipo ndani, litoe.

Kuni zenyewe

Jiko bora na kuni mbichi ni pesa iliyopotea. Kuni mbichi nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Unataka chini ya asilimia 20. Miwati ndiyo tamu kuliko zote, nzito na yenye makaa ya kudumu. Mikaratusi ipasue ikiwa mbichi, ikikauka itakusumbua. Mabanzi ya paina huungua upesi, yanafaa zaidi kuwashia. Kuni yoyote ikichomwa mbichi hujaza masizi, na masizi yakishika moto dohani nzima inawaka. Vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa usivichome kamwe, moshi wake ni sumu.

Kirikuu, kile kigari cha mizigo, ikifika na kuni, gonganisha mbili kabla ya kushusha. Zikilia kwa sauti kali, zimekauka. Zikilia bubu, zipange bandani kwa miezi 6 au zaidi, na uzilipe kwa bei ya kuni mbichi.