Honda S2000 ya kuazima kwenye autokrosi: tamu, lakini inakuonjesha tu

Sikilizeni hapa. Subirini, nairudisha nyuma kidogo. Hapo! Mmesikia mlio ulivyogeuka? Mizunguko imekaribia 6,000 kwa dakika, VTEC, ule mfumo wa Honda unaofungua vali zaidi ili kuongeza nguvu, imeingia, na kutoka hapo injini inapanda mpaka 9,000. Lita mbili, haina turbo, nguvu za farasi 240, tena ni gari iliyoanza kutengenezwa 1999. Mengine ya kwenye makaratasi mnayajua, siyarudii.

Sasa mbona nimenuna? Kwa sababu hii ni autokrosi, na autokrosi haikuachi ukae huko juu. Tuko Lincoln, Nebraska, Solo Nationals, mashindano ya kitaifa ya autokrosi ya SCCA, chama cha magari ya michezo cha Marekani, kwenye zege pana la iliyokuwa kambi ya ndege za jeshi. Unashindana na saa, njia imechorwa kwa koni. Hakuna kuijaribu kwa gari: unaitembea kwa miguu, unaikariri, unapewa nafasi tatu. Kesho yake njia nyingine, tatu nyingine, na muda wako bora wa kila siku unajumlishwa.

Napunguza kasi ya video, tazameni. Gia ya pili inafika kilomita 100 na kidogo kwa saa, kwa hiyo karibu njia yote unaimaliza nayo. Safi. Ila kwenye gia hiyo, mizunguko 6,000 ni kama kilomita 70. Haya, naingia kwenye zigizaga, niko 60 na kitu. Nakanyaga mafuta... kimya. Koni ya kwanza, ya pili, ya tatu, bado imelala. Kona inafunguka, nakanyaga tena. Angalieni dashibodi, hakuna mshale, ni vijimstari vya kidijitali vinakimbia kulia. Vinapanda, vinapanda, mlio huo umegeuka! Halafu? Breki. Kona nyingine hiyo hapo mbele.

Yaani unaonjeshwa, sahani inaondolewa.

Na ukilazimisha iamke ukiwa bado umekata usukani, nguvu zinafika kwa mkupuo kwenye matairi ya nyuma, tako linataka kutangulia. Matoleo ya mwanzo kama hili yana sifa hiyo. Mwaka 2004 Honda walirekebisha sasapensheni ya nyuma, wakaweka rimu za inchi 17, na ya soko la Marekani ikapewa injini ya lita 2.2 inayovuta mapema zaidi lakini haifiki 9,000. Kuna mashabiki hawajawasamehe mpaka leo. Mimi kwa njia kama hii ningeipokea kwa mikono miwili.

Lakini gia zake, jamani! Mkono unasogea kidogo tu, tak, imeingia. Sijawahi kushika gia tamu hivi kwenye gari ya mtu. Na hapa unaitumia mara moja, ya kwanza kwenda ya pili, basi. Naomba mnihurumie.

Kuhusu kuazima: mwenye gari naye anashindana, daraja moja na mimi, na hilo hapa ni la kawaida kabisa. Yeye akirudi, mimi naingia, matairi bado ya moto, ndiyo maana mnaona watu wanayamwagia maji. Kiti tunakisogeza kila zamu. Usukani hausogei, si juu wala mbele, Honda waliufunga hivyo. Yeye ni mrefu, mimi si mrefu, mikono yangu inajua.

Wenye Mazda MX-5, kigari kidogo cha michezo cha viti viwili, wamenicheka sana. Nguvu zao ni chache, lakini gari ni nyepesi na wanazitumia tangu chini, hawasubiri kengele. Mmeniuliza mara nyingi ipi ni bora kwa anayeanza, nami nilikuwa upande wa S2000. Leo nimeanza kuteleza, halafu nikisikia ule mlio narudi tena.

Bei? Ilipokuwa mpya hapa Marekani ilikuwa kama dola 32,000. Zilizotunzwa vizuri, zenye kilomita chache, sasa zinauzwa zaidi ya hapo, kwa hiyo endeleeni kuazima kama mimi.

Na habari ya chaneli: kuna mwenye MX-5 amekubali kuniachia usukani, kwa sharti kwamba matairi nanunua mimi. Video ijayo ni ya matairi. Bonyezeni kengele, mtaona sura yangu nikilipa.