Ziara ya "mwisho wa ukabaila" London: mjomba kauliza swali moja tu

Mwenye haraka achukue hukumu mapema: nyota mbili. Kwenye treni ya kurudi nyumbani ilikuwa moja. Nitaeleza kwa nini imepanda, ingawa nikimaliza kuandika huenda imeshashuka tena.

Ni ile ziara ya miguu wanayoinadi kwamba mchana mmoja tu utakuonyesha jinsi ukabaila, ule mfumo wa bwana mwenye ardhi na wakulima wanaomtumikia, ulivyokufa Uingereza. Kampuni siitaji, sitaki kesi. Bei na ratiba mtajisomea wenyewe. Nilikwenda na mjomba, alikuwa amekuja kututembelea kiangazi hicho kutoka Bukoba. Mjomba kakulia kwenye nchi ya nyarubanja, ule umwinyi wa ardhi wa kwao. Babu yake alikuwa akimpelekea mwenye ardhi fungu la mazao ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Habari za bwana na mkulima wake humfundishi.

Tulianzia Tower Hill, kilima kando ya ngome ya kale ya Tower, na kijana muongoza watalii, simnyimi haki yake, alianza vizuri. Akaeleza tauni ilivyoingia mwaka 1348 na kufagia labda theluthi, labda nusu ya watu, mabwana wakakosa wa kuwavunia na waliosalia wakaanza kutaja bei. Mwaka 1351 Bunge likatunga sheria ya kuirudisha mishahara pale ilipokuwa kabla ya tauni. Juu yake ikaja kodi ya kichwa: peni 4 mwaka 1377, na ile ya tatu ikafika peni 12. Mjomba akaguna. Kodi ya kichwa anaijua, baba yake aliwahi kulala porini kuikwepa. Tukafika 14 Juni 1381, wakulima walioasi kodi hiyo wanaingia Tower, wanamtoa Askofu Mkuu Simon Sudbury na mweka hazina Robert Hales na kuwakata vichwa hapo kilimani, huku Mfalme Richard II, kitoto cha miaka 14, yuko Mile End anawaahidi wakulima kwamba utwana, yaani mkulima kufungwa kwa bwana na shamba lake, umekwisha na pango la ardhi litakuwa peni 4 kwa eka.

Hapo mjomba akanyoosha mkono. Ni mwalimu mstaafu, Kiingereza chake ni cha polepole lakini kimenyooka. Akauliza: "Samahani kijana, huyu mkulima akishaachiwa huru, shamba linabaki la nani?"

Kijana akaangalia saa. Kisha akanigeukia mimi, siyo mzee aliyeuliza, akasema: "Mwambie hilo halimo kwenye ziara hii." Kuna watu wakacheka. Tukaambiwa twende.

Jamani! Mzee kakuuliza kwa lugha yako mwenyewe, unamjibu kupitia kwa mpwa wake kama vile kiziwi? Mjomba akanyamaza, akafunga kifungo cha koti. Mimi nilitetemeka mpaka Smithfield.

Na kuanzia hapo sikusikia chema tena. Kila baada ya kona mbili kijana anaimba kwamba tauni iliwakomboa wakulima, tauni iliwakomboa wakulima. Mbona huko mashariki ya mto Elbe, Prussia na Poland, karne zilizofuata wakulima walikazwa zaidi, na Urusi haikuwaachia mpaka 1861? Ugonjwa ulipunguza watu, sawa, lakini nani angefaidika na upungufu huo ilitegemea nani ana nguvu kijijini, bwana au wakulima wake. Hata hapo Uingereza, ahadi ya Mile End haikumaliza mwezi. Tarehe 2 Julai mfalme aliifuta, na waandishi wa wakati ule wanasema aliwaambia watu wa Essex kuwa ni watwana na watwana watabaki. Hilo kijana alilipita kwa sentensi moja, maana alikuwa na hamu ya kutuigizia meya wa London, William Walworth, akimchoma kisu Wat Tyler, kiongozi wa waasi, hapo Smithfield. Kaigiza kwa mwavuli, kapiga kelele kama mtangazaji wa mpira. Kibao cha kumbukumbu kilichowekwa pale mwaka 2015 hata kukisoma hatukupewa nafasi.

Sasa ndipo nyota ya pili ilipopatikana, nami naiandika kwa shingo upande. Watu walipoanza kutawanyika, kijana akatoa kwenye mkoba fotokopi ya ukurasa wa daftari la baraza la bwana mmoja wa shambani, umeandikwa Kilatini kilichobanana. Akampa mjomba mkononi. Akaanza kumsomea, kidole juu ya mstari: fulani kafariki, bwana kachukua ng'ombe wake bora, mwana kalipa ada ya kuingia shambani, jina limeandikwa. Mwana hupewa nakala ya maandishi hayo, na nakala hiyo ndiyo hati yake. Kazi za lazima kwa bwana zikageuka pesa polepole, bila tangazo, na umiliki wa namna hiyo ulidumu kisheria mpaka mwanzo wa 1926.

Mjomba akauliza kama bwana angeweza kumfukuza mwenye nakala. Kijana akasema nakala nyingine zilikuwa imara, nyingine za muda tu, na wengi waliondolewa ili mabwana wafuge kondoo.

"Kwa hiyo ardhi ilibaki ya bwana."

"Kwa sehemu kubwa, ndiyo."

Kumbe jibu alikuwa nalo mkobani muda wote! Anajua, tena anajua vizuri, sijapata kusikia mtu akiisoma karatasi kavu vile ikawa tamu. Sasa lile la Tower Hill lilikuwa la nini? Angekuwa hajui ningemsamehe.

Niliandika malalamiko. Baada ya muda likaja jibu la "Mpendwa mteja," samahani yenyewe haimo, mjomba hatajwi, ila kuna kuponi ya punguzo kwa ziara yao ya mizimu.

Mjomba anasema niwape tatu kwa ajili ya fotokopi, na kanilazimisha nifute neno moja kwenye aya ya tano. Nimelifuta. Mbili zinabaki. Mkienda, vumilieni mpaka mwisho na mwombeni awatolee ile karatasi. Kuponi ninayo, anayetaka mizimu aniambie.