Apu ya kupangia njia za baiskeli: tambarare iko vizuri, kwenye ziwa la milimani ikague kwanza

Wadau, hii apu nimeitumia miezi mitano sasa, toleo la kulipia, na jina silitaji maana kasoro nitakazosema ziko kwenye nyingi za aina yake, karibu zote zinachota ramani kisima kimoja, OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Kwa hiyo hata kama unatumia nyingine soma tu.

Kazi niliyoipa ilikuwa mzunguko wa ziwa lililobanwa na milima pande zote, safari ya kati, yaani si ya wanamashindano na wala si ya kupunga upepo. Nilikuwa naenda na shemeji yangu, miguu anayo ila pumzi hana, nikamuahidi kilomita kama 50 na kupanda kusizidi mita 500 kwa jumla. Kipimo changu cha safari ya kati ndio hicho, mita 10 za kupanda kwa kila kilomita, ukizidisha hapo mtu asiye na mazoezi anaanza kukuangalia kwa jicho baya.

Kuchora njia kwenyewe raha tupu. Unaweka alama nne tano kuzunguka ziwa, unachagua aina ya baiskeli, sekunde mbili njia hiyo. Ikaniletea kilomita 41, nikasema mbona kamteremko haka, kuvuta ramani karibu naona mstari umekatiza katikati ya maji kama mtu anayejua kuogelea. Kumbe kivuko! Kwenye ramani hizi njia ya kivuko nayo inahesabika kama barabara, na apu yenyewe inachotafuta ni mkato tu, ikatupakia kwenye boti bila hata kuuliza. Kuna sehemu ya kuzima vivuko, wameificha ndani ndani kwenye mipangilio, nilipozima ikaja kilomita 52. Sasa hapo tunaongea.

Halafu likaja lile la kupanda. Chini ya ramani imeandika mita 1,130. Shemeji alipoiona akaanza visingizio vya goti. Mimi nikawa najiuliza, hii barabara inafuata ukingo wa ziwa karibu safari nzima, na maji hayapandi mlima jamani, hizo mita zote zimetoka wapi?

Ikabidi nichimbe. Apu haina mtu aliyepita na kupima barabara, inachofanya inachukua mstari wako inaulaza juu ya data ya miinuko ya dunia, na data inayotumika sana ni ile iliyokusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, kazi ya siku 11 tu, na ina kipimo kimoja kila baada ya mita 30 hivi. Sehemu tambarare hiyo inatosha kabisa. Ila barabara ya ziwa la milimani imechongwa ubavuni mwa jabali, ukisogea mita 15 upande huu uko juu ukutani, ukisogea upande ule uko majini, kwa hiyo kipimo kimoja kinaangukia ukutani, kinachofuata kinarudi barabarani, kingine tena ukutani, na apu inajumlisha kila mruko inakuhesabia umepanda. Mahandaki ndio balaa kubwa, wewe unapita ndani ya mlima umetulia na taa zako, yenyewe inaona umepanda mpaka kileleni ukashukia upande wa pili. Sisi tulikuwa na mahandaki 3. Kwenye madaraja inafanya vilevile ila kichwa chini, inakutumbukiza bondeni kisha inakupandisha.

Kwa hiyo dawa ni kuachana na ile jumla ukaangalia grafu. Mlima wa kweli una mgongo, unaanza taratibu unakua. Wa uongo ni sindano, unaambiwa asilimia 35 kwa mita 80 halafu unashuka papo hapo. Nilizitoa sindano zote kwa mkono nikabaki na kama mita 480, na siku ya safari kifaa changu cha kwenye usukani, kinachopima mwinuko kwa mgandamizo wa hewa, kikasema 510. Nacho si cha kuapia, hali ya hewa ikibadilika njiani namba zinateleza, lakini angalau kiliendesha na sisi.

Na pia usidanganywe na wastani wa ukali wa mlima, ile asilimia, kwenye mzunguko unaanza na kumalizia palepale kwahiyo wastani ni sifuri hata kama katikati umetapika. Cha kutafuta ni kipande kikali kiko wapi. Chetu kilikuwa kilomita ya 31, barabara inaacha maji inaruka rasi moja, kilomita 1.2 kwa asilimia 9, mita kama 108 kwa mkupuo. Kwa gia nyepesi inapandika. Shemeji alishuka akasukuma, na hakuna aibu.

Kinachonifurahisha ni kitufe cha kugeuza njia, unabonyeza mara moja tu. Watu wanakipuuza lakini kwenye ziwa mwelekeo ni nusu ya mpango. Magari yakipita kushoto, zunguka kinyume cha saa ili ziwa liwe upande wako, usikae kutazama mandhari kupitia madirisha ya magari, na yakipita kulia basi fuata saa. Kingine upepo, milimani asubuhi huwa kumetulia, jua likikolea miteremko inapata joto na upepo unaanza kupanda na bonde mpaka jioni. Ziwa likiwa refu na jembamba panga mchana uwe unaelekea juu ya bonde, upepo ukusukume mgongoni. Mambo ya upepo apu hii haina hata kidogo, nimeyafanya kwa kichwa.

Muda nao iliniambia saa 2 na dakika 40, ambayo ni karibu kilomita 20 kwa saa bila kusimama hata kunywa maji. Tulitumia saa 4 na nusu, pancha moja, picha nyingi mno.

Ila ngazi sijaisamehe. Kilomita ya 18 ilitutoa barabarani ikatuingiza kwenye kinjia cha kando ya maji, kizuri, kikawa kokoto, kikawa mizizi, mwisho ngazi za mawe, tukabeba baiskeli begani. Nilivyorudi nyumbani nikakagua ramani, kile kinjia hakikuwa kimewekewa aina ya uso kabisa, yaani kama ni lami, kokoto au udongo, apu ikaamua yenyewe kwamba kinapitika. Siku hizi sehemu yoyote iliyoandikwa uso haujulikani naifungulia picha ya satelaiti kwanza, na kama sioni kitu nairudisha njia barabarani.

Kushusha ramani ya kutumia bila intaneti inafanya kazi vizuri, milimani mtandao ulikata nusu ya safari na haikuyumba. Betri inakula, beba paua benki.

Nyota 3 na nusu kati ya 5. Ningetoa 4 lakini kinachoniudhi ni kwamba kwenye ramani yenyewe mahandaki yameshawekewa alama kabisa, apu inayachora vizuri tu kwa nukta nukta, halafu ikifika kwenye hesabu inajifanya haijayaona. Nimewaandikia mara mbili, wamenijibu asante kwa maoni yako.