AutoCAD kwa nyumba za mawe za Lamu: uzoefu wangu na leya na staili za kuprinti

Kazi yangu ni kuchora, kwa programu ya AutoCAD, nyumba za Mji wa Kale wa Lamu kabla mafundi hawajaanza kuzikarabati. AutoCAD ina aina mbili za majedwali ya staili za kuprinti, yanayoamua mistari itokeje kwenye karatasi: CTB na STB. Kwa nyumba hizi, staili za STB zimenifaa kuliko CTB, tena kwa mbali.

CTB hufunga unene wa mstari kwenye rangi: ukisema nyekundu ni milimita 0.50, kila mstari mwekundu utatoka na unene huo. Sasa ingia ndani ya nyumba yenyewe. Ukuta wa matumbawe una karibu nusu mita, yaani sentimita moja kwenye karatasi ya skeli ya 1:50, na humo zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zimepangwa safu juu ya safu, zimezungukwa na nakshi za chokaa. Ukuta nautaka 0.50, ukingo wa kidaka 0.25, nakshi 0.13. Tena boriti zilizooza nataka nizione kwa rangi yake kwenye skrini na nzima kwa rangi nyingine, ilhali zote ziprintiwe kwa unene mmoja. STB inaniruhusu, kwa sababu staili ina jina lake, naipangia leya (tabaka la mchoro), na rangi inabaki huru. Nimeipenda mno.

Majina ya leya nafuata kiwango cha Marekani: A-WALL-E ni ukuta unaobaki, A-WALL-D wa kubomolewa, A-WALL-N mpya. Mwenye nyumba akiuliza kipi kitaguswa, nazima leya za E, anajionea mwenyewe.

Udhia upo. Faili la STB halikai ndani ya mchoro. Duka moja la kuprinti Mombasa lilipokea DWG, yaani faili la mchoro, peke yake, karatasi zikatoka na rangi zote za skrini, nakshi hazisomeki. Siku hizi napeleka PDF, au nafungasha mchoro na mafaili yake yote kwa amri ya eTransmit. Pia amri ya CHECKSTANDARDS, inayolinganisha leya na faili la viwango (DWS), haimo kwenye AutoCAD LT, toleo dogo la programu hii. Ukifanya kazi na wenzako, hilo litakuuma.

Injinia akikuletea mchoro wa CTB, anza na CONVERTCTB utengeneze jedwali la STB, kisha CONVERTPSTYLES uugeuze mchoro wenyewe. Weka nakala kwanza, maana ukirudi CTB staili ulizozipa leya zinapotea.