African Storybook kwa Kiswahili: hadithi ni za bure, kazi ya kuchagua ni ya mzazi

African Storybook ni maktaba ya mtandaoni ya hadithi za watoto, inayosimamiwa na taasisi ya Saide ya Johannesburg, Afrika Kusini. Imekuwa hewani tangu 2014, na Kiswahili kina rafu nzuri humo. Kusoma ni bure. Kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka 4 hadi 9 anayetaka kumshika mkono nyumbani wakati mwalimu anahangaika na darasa lililofurika, ni vigumu kupata kitu cha maana kuliko hiki kwa bei hiyo. Ina mitego yake, lakini, na mingi iko pale ambapo mzazi hudhani simu itamfanyia kazi.

Tuanze na ngazi, maana ndipo watu wanapopotea. Hadithi zimegawanywa katika ngazi 5: maneno ya kwanza, sentensi za kwanza, aya za kwanza, aya ndefu, na ya tano ni hadithi za kusomewa. Hiyo ya tano wazazi wengi huiruka wakidhani ni ya watoto wakubwa. Si hivyo. Ni ya mzazi kusoma kwa sauti na mtoto kusikiliza, na mtoto wa miaka 4 asiyejua hata herufi moja anaweza kuifaidi, kwa sababu masikio yake yako mbele sana ya macho yake.

Kwenye ngazi za chini, kipimo kinachofuatwa ni wingi wa maneno katika ukurasa. Kwa lugha zenye maneno mafupi mafupi kipimo hicho kinatosha. Kwa Kiswahili kinadanganya. “Walipomkaribia” ni neno moja lenye silabi 8. Kwa mtoto wa darasa la kwanza huo ni mlima. Ukurasa mwingine una sentensi mbili, “Baba ana kuku. Kuku ana vifaranga,” na mtoto huyo huyo anateleza nao bila shida. Kwa hiyo usiamini namba ya ngazi, angalia urefu wa maneno.

Njia ya kupima ni rahisi. Fungua ukurasa wa katikati (wa kwanza huwa mwepesi), mwache mtoto asome kama maneno 20, nawe uhesabu anapokwama. Akikwama mara moja au asikwame kabisa, hadithi hiyo anaimudu mwenyewe. Akikwama mara mbili, someni pamoja. Zaidi ya hapo, shuka ngazi moja bila kuona haya. Mtoto anayekwama kila mstari huacha kusoma na kuanza kubuni kwa kutazama picha, na mzazi asiyefuatilia maandishi atampongeza kwa kusoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Mahali pa kukwama panajulikana. Aliyezoea ba-be-bi-bo-bu hugonga mwamba kwenye “mbwa”, “kunywa”, “ng'ombe” na “ndwele”. Usimtajie neno zima. Funika neno kwa kidole, funua silabi moja, aitamke, funua inayofuata, kisha aunganishe. Kwa watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza kuna tatizo la ziada: hutaja herufi kwa majina ya Kiingereza, “em, ei”, halafu wanashangaa kwa nini haitoki “ma”. Hapo usihangaike na hadithi kwanza. Tumia siku chache kwenye silabi zenyewe, ndipo urudi.

Sasa ubora. Mtu yeyote anaweza kuandika au kutafsiri hadithi na kuiweka humo, na huo ndio uzuri wa maktaba hii na pia udhaifu wake. Zilizopitiwa na wasimamizi huwekewa alama. Anza na hizo. Nyingine ni bahati nasibu: nyingine zimeandikwa na mwalimu anayejua watoto wake, nyingine zinanuka tafsiri. Kabla ya kumpa mtoto, isome wewe. Dakika 5 zinatosha. Angalia upatanisho wa ngeli, kwa sababu “kitabu yangu” ikisomwa mara kumi hubaki kichwani. Angalia kama neno “ng'ombe” lina kibainishi chake (ile alama ' ya juu), maana mtoto hufuata alichokiona. Angalia pia msamiati wa upande wa pili wa mpaka: mtoto wa Morogoro akikutana na “tarakilishi” atauliza, na kwake ni kompyuta. Hilo si kosa, ni nafasi ya mazungumzo, mradi mzazi awepo.

Na hapo ndipo maktaba hii inapoonyesha thamani yake, kwenye mazungumzo. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wazazi waliofundishwa kubadili namna ya kuwasomea watoto wadogo vitabu vya picha: kuuliza, kupokea jibu, kisha kulipanua. Lugha ya kuzungumza ya watoto wao iliwazidi wenzao. Kwa Kiswahili inakwenda hivi, mkiwa kwenye picha ya kuku aliyepanda paani:

“Kuku yuko wapi?”
“Juu.”
“Eeh, yuko juu ya paa la nyasi. Sema, juu ya paa la nyasi.”
“Juu ya paa la nyasi.”
“Unadhani amepandaje?”

Hilo swali la mwisho ndilo lenye uzito. Maswali ya ndiyo na hapana hayampi mtoto kazi yoyote. Lakini usiulize kila ukurasa. Maswali matatu au manne kwa hadithi yanatosha, yakizidi inakuwa mtihani na kesho hatakaa. Dakika 10 hadi 15 jioni, kabla usingizi haujamshika, ni bora kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Kuna programu ya Android ya kusomea. Unapakua hadithi ukiwa na bando, kisha unasoma bila intaneti. Itumie kwa kazi hiyo tu: ukisha kupakua, zima data, la sivyo meseji zitaingia katikati ya ukurasa na hadithi imekwisha hapo.

Hata hivyo karatasi inashinda. Hadithi zinapatikana kama PDF, na kijitabu mtoto anaweza kukishika, kukilalia na kumsomea bibi. Steshenari ndipo mambo huharibika. Mwambie mchapaji achague mpangilio wa kijitabu, pande zote mbili, karatasi igeuzwe kwa ubavu mfupi. Akigeuza kwa ubavu mrefu, kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini. Hadithi ya kurasa 16 inakula karatasi 4 za A4; idadi isiyogawanyika kwa 4 itakuachia kurasa tupu, na hizo mpe mtoto achore. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi: ifungue, weka kipande cha boksi chini, piga pini 2 kwenye mkunjo, kisha zikunje kwa mgongo wa kijiko. Sindano na uzi hudumu zaidi. Ukichapa kwa wino mweusi tu, epuka hadithi zenye picha za rangi nzito, kwani zitatoka kama lami. Tafuta zilizochorwa kwa mistari.

Kabla ya kutoa kopi nyingi kwa ajili ya chekechea au kuuza, soma leseni iliyo mwisho wa hadithi. Nyingi ni CC BY, yaani unaweza kunakili, kubadili, hata kuuza, ukitaja mwandishi na mchoraji. Ukiona herufi NC, kuuza hairuhusiwi.

Mzazi asiyejua kusoma, au anayerudi usiku, hajaachwa nje kabisa. Mradi wa Global Storybooks wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, ulichukua hadithi 40 kutoka maktaba hii na kuziandaa kwa maandishi na sauti. Mtoto afuate kwa kidole wakati sauti inasoma. Bila kidole, anasikiliza tu. Baba asiyesoma anaweza kuuliza yale maswali ya picha vile vile, kwa sababu hayahitaji herufi.

Udhaifu mkubwa uliobaki: mtoto akishamudu ngazi ya nne, utamu unapungua. Hadithi ni fupi, nyingi za wanyama na kijiji, na mtoto wa miaka 10 anataka kitabu chenye sura. Wakati huo sehemu ya kutunga hadithi kwenye maktaba hii ndiyo ya kumpa: unachagua picha zilizomo, anasimulia yeye, unaandika maneno yake kama alivyoyasema, ukurasa kwa ukurasa, kisha mnachapa. Atakisoma kijitabu hicho bila kusukumwa. Mkitaka kukichapisha hadharani, weka jina la kubuni na uache jina la shule, kwa kuwa leseni ya wazi inampa mtu yeyote haki ya kukinakili popote.