3 from Hell: hawa watu walifufuliwa wa nini?

Wadau wa muvi za kutisha, nimeimaliza 3 from Hell ya Rob Zombie, ile ya tatu na ya mwisho ya familia ya wauaji wanaoitwa Firefly, na niseme mapema tu kwamba imeniuma kwa sababu zile mbili za mwanzo nazipenda kwelikweli. Kwa ambao hamjazifuatilia, ya kwanza ni House of 1000 Corpses ya 2003, ya pili The Devil's Rejects ya 2005, af hii ikaja 2019, yaani miaka 14 baadaye, na mimi shida yangu ni moja, ya pili ilishamaliza kila kitu.

Ikumbukeni ilivyoisha. Otis, Baby na mzee Spaulding wako kwenye gari la wazi, damu mwili mzima, mbele polisi wamefunga barabara na mitutu imewaelekea, Free Bird inapiga, wanachukua bunduki wanaenda hivyohivyo mpaka risasi zinawalaza. Sisi tumekua tunaambiwa steringi hafi, sasa wale hawakuwa masteringi, wale ni maadui, wameua watu wasio na kosa lolote tangu muvi ya kwanza, na yule sherifu Wydell kaka yake aliuawa nao akawasaka kwa hasira mpaka na yeye akageuka mnyama kama wao. Ndo utamu wa ile muvi, unafika mahali unawaonea huruma wauaji halafu unashtuka, hivi namhurumia nani hapa? Wakafa, na walistahili kufa.

Ya tatu inaanza na taarifa za habari kwenye TV kwamba madaktari wamewaokoa wote watatu. Basi, imeisha hiyo. Wanapelekwa jela, huko nje kuna vijana wanaandamana waachiwe huru, na aisee hapo nilikaa vizuri kwenye kochi maana hilo ni jambo la kweli kabisa, watu kumshabikia muuaji kisa kaonekana kwenye TV na ana maneno mengi. Ingekuwa ni muvi yenyewe hiyo! Lakini dakika chache tu wameshaliacha wala hawalirudii.

Halafu kuna Sid Haig. Yule ndo Captain Spaulding, mzee aliyejipaka rangi za klauni akiuza petroli na kuku wa kukaanga sehemu moja huku ana makumbusho yake ya mambo ya ajabu pembeni, na kwangu yeye ndo roho ya hizi muvi. Kwenye hii alikuwa anaumwa kweli, ikabidi stori ibadilishwe, nafasi yake akaingizwa Richard Brake kama Foxy, kaka wa kambo wa Otis. Mzee kabaki na kipande kifupi tu anahojiwa gerezani kabla hajauawa kwa sindano ya sumu, kakonda sana, sauti imechoka, ila macho ni yaleyale na anaongea utafikiri jela nzima ni yake. Muvi ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 16 Septemba 2019, yeye akafariki tarehe 21 mwezi huohuo akiwa na miaka 80. Kile kipande nilikirudisha nikakiangalia tena, kinauma jamani.

Katikati Otis ameshatoroka jela, yeye na Foxy wanamteka mke wa mkuu wa gereza na marafiki zake ili Baby atolewe, na hapo kuna klauni wa kukodiwa anagonga mlango, yeye kaja kikazi tu maskini, hajui kaingia wapi. Uso wake ulivyobadilika pale sebuleni ndo sehemu pekee niliyoogopa kweli. Zilizobaki ni damu na matusi, wanaouawa hata hatujawajua vizuri, na mateso kwa wanawake yanavutwa marefu mpaka unajiuliza mtengenezaji anataka nifurahi au vipi. Sheri Moon Zombie kajitahidi, Baby wake jela imemvuruga akili inaonekana kabisa, ila hana mtu wa kupambana naye. Hakuna Wydell. Mwigizaji Danny Trejo nilimsubiri kwa hamu, kauawa mapema hata hajakaa.

Mwisho wanakimbilia Meksiko siku ya sikukuu ya wafu, wanafuatwa na genge limevaa mask za wanamieleka, inapigwa kwa mishale na mapanga. Rangi nzuri, kamera nzuri, nilifurahi kiasi. Lakini hapo Firefly wameshakuwa masteringi kamili, tunatakiwa tuwashangilie, na mimi nikashindwa, namkumbuka yule klauni.

Kwa tunaokaa nyumba za kupanga huku uswahilini, mnajua ukiwasha muvi mlango uko wazi watoto wa majirani wameshajaa kwenye mkeka, hii msithubutu, hata ukiwa na mama mkwe usithubutu, fungeni mlango au subirini usiku. Na jamaa anayekujazia flashi akikwambia chukua hii ndo mpya, mwambie aanze kukuwekea The Devil's Rejects, hii ya tatu iwekwe kama nafasi imebaki.